Mashine Waliyoiosha

Mhandisi aliizunguka mashine bila kusema neno, na kadiri alivyonyamaza ndivyo watu waliokuwa ghalani walivyozidi kutabasamu. Walidhani anaistaajabia. Mashine ya kuvunia viazi ya marehemu Lucien Daigle ilikuwa inang'aa. Matope ya msimu mzima yalikuwa yamekwanguliwa, minyororo imetiwa grisi, na ubavuni, pale rangi nyekundu ilipokuwa imechubuka, palikuwa na rangi mpya.

"Nani aliiosha?" aliuliza Mhandisi Karin Lindvall.

"Sisi," alijibu Adrien Cyr. Alikuwa binamu wa marehemu, na mashamba yao yalipakana. "Mimi, na akina Pelletier, na vijana wa parokiani. Tusingekubali shemeji, mke wake, aione vile ilivyokuwa."

Karin alipanda kwenye jukwaa la mashine. Pale juu palikuwa na wenzo, mkono wa chuma wenye urefu wa fimbo ya mzee. Ukiuinua, mnyororo wa kupandisha viazi husimama. Ukiushusha, mnyororo hutembea. Aliinama akatazama pini inayoushikilia wenzo usianguke.

"Pini hii ni mpya."

"Ile ya zamani ililika. Na springi yake vilevile. Nilibadilisha zote mbili, tukaendelea na kazi."

"Mliendelea kuvuna kwa mashine hii hii?"

Adrien alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini huvua kofia kanisani. "Zetu nazo tulizileta. Lakini mavuno ya marehemu huanza na mashine ya marehemu. Sisi huku hatumwachi mtu na viazi ardhini."

Wakili Hollis Burpee, aliyemleta mhandisi kutoka kusini, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Mlangoni alisimama Noella, mjane. Alikumbuka wiki ile ya mazishi. Alikuwa ameketi kwenye dirisha la jikoni na mama mkwe wake, Odile, wakitazama taa za matrekta ya majirani zikienda na kurudi shambani mwao. Hakuna aliyewaita. Walikuja, wakavuna mpaka mstari wa mwisho, wakafunga ghala, wakaondoka bila kungoja shukrani. Siku ile Noella alijiambia kwamba kama kuna kitu kitakachomwinua kitandani, ni hicho.

"Mhandisi," alisema, "kuna ubaya gani?"

Karin alishuka, akapangusa viganja. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Mama, nililetwa hapa niiambie mahakama kilichomuua mumeo. Kilichomuua kilikuwa kwenye matope yale na kwenye pini ile. Na vyote viwili havipo."

Tabasamu ziliisha moja baada ya nyingine. Adrien alibaki na yake kwa muda, kama mtu aliyesahau kuvua koti ndani ya nyumba.

"Ile pini iko wapi?" aliuliza Noella.

"Niliitupa kwenye chuma chakavu, nyuma ya banda langu," Adrien alisema. Kisha sauti ikashuka. "Mnunuzi wa vyuma alipita majira ya kuchipua, shemeji. Alizoa zote."

Wakatoka ghalani mmoja mmoja. Mzee Pelletier, ambaye hakuwahi kukosa la kusema hata msibani, alimgusa Adrien begani. "Wanasema tenda wema uende zako," alisema. "Sisi tulitenda, tukapaka na rangi."

Hakuna aliyecheka.

* * *

Jikoni, Odile alikuwa akipika ploye, zile chapati nyembamba za ngano nyeusi zinazopikwa upande mmoja tu. Aliziweka mezani zikiwa na siagi, akawaamuru wageni wale kwanza, maneno baadaye. Wakili Hollis alikula. Karin alikunja yake vizuri, akaitazama, halafu naye akala.

"Upande wa kiwanda kilichoiunda mashine watasema mambo mawili," alisema Hollis. "Kwanza, kwamba ushahidi kwenye mashine uliharibiwa. Hilo wameshapewa bure. Pili, kwamba Lucien aliingiza mkono mashine ikiwa inatembea."

"Haikuwa inatembea," alisema Noella. "Ilisimama. Aliinua wenzo. Nilimwona kwenye kioo cha trekta."

"Watasema wewe ndiwe uliyekuwa usukani. Kwamba hukuzima injini."

Odile aliweka mwiko chini. "Wakili, umekula chakula changu. Chunga ulimi."

"Mama, si mimi ninayesema. Nawaambia watakayosema. Na wameleta ofa." Alitaja kiasi. Kilitosha kulipa deni la benki na kubakiza shamba. "Masharti ni kwamba hakuna mwenye kosa, na kwamba Bi Noella hatazungumza na mtu yeyote kuhusu mashine hii tena."

"Hata na padri?" aliuliza Odile.

"Padri labda."

"Na Adrien?" aliuliza Noella.

"Na Adrien hapana."

Noella alitazama nje. Adrien alikuwa bado amesimama uani karibu na gari lake. Hakuwa ameingia ndani, na tangu utoto wa Lucien mtu yule hakuwahi kungoja kukaribishwa katika nyumba ile.

"Adrien anayo mashine kama ile," alisema. "Pelletier pia. Nusu ya bonde hili wanazo. Mnataka nipokee hela halafu kila Septemba nikae dirishani nimtazame akiingiza mkono pale, nami nimefunga mdomo?"

Noella alimgeukia mhandisi. "Wewe unahitaji nini ili uweze kusema?"

"Pini ile siwezi kuisema, haipo," alisema Karin. "Naweza kusema jinsi mashine zote za aina hii zilivyoundwa. Lakini wataniuliza kama nimeiona ikitokea. Ninahitaji mashine za aina hiyo ambazo hazijaguswa. Zikiwa na matope, zikiwa moto, zimetikiswa shambani. Mashine iliyolala ghalani wakati wa theluji haitanionyesha kitu."

"Maana yake wakati wa mavuno."

"Katikati ya mavuno. Siku nzima."

Odile alicheka kicheko kifupi kikavu. Katika bonde lile shule hufungwa ili watoto wakavune. Harusi haipangwi Septemba, na mtu mwenye jino bovu huvumilia mpaka Oktoba. Kati ya viazi na jalidi, ile baridi inayogandisha udongo, kuna nafasi nyembamba, na viazi vikigandia ardhini mwaka wote umepotea.

"Bora uwaombe wakupe watoto wao," Odile alisema. "Hilo wangelifikiria."

* * *

Noella aliomba hata hivyo. Mavuno ya pili baada ya kifo cha Lucien yalipoanza, alisimama nje ya kanisa Jumapili baada ya misa.

Bwana Gagnon, aliyeuza mashine hizo na vipuri vyake kwa bonde zima, alifika kwake kabla hajafungua kinywa. Alikuwa mtu wa heshima, alibeba jeneza la Lucien. "Noella," alisema taratibu, "mimi sikuzuii. Lakini kiwanda kina masikio. Mkiwaburuza mahakamani, nitaagiza kipuri Septemba, kitakuja Novemba. Nani ataumia?"

"Aliyeumia tayari unamjua."

"Najua. Nasema waliobaki."

Wengine walisema watafikiri, na macho yao yakaenda kwenye magari. Mke wa Michaud hakujificha. "Pole zetu tulishatoa, Noella. Shamba tulikuvunia. Sasa na siku yetu unaitaka? Mpaka lini?"

Maneno yale yalimwingia, kwa sababu yalikuwa na kweli ndani yake. Damu ilimpanda usoni mbele ya watu wote. Angeweza kuomba radhi na kwenda zake, na wangempenda zaidi kwa kufanya hivyo.

"Mlinivunia, na nitakufa nikikumbuka," alisema. "Lakini siombi kwa ajili ya Lucien. Lucien hahitaji kitu. Mumeo ana vidole vyote, mama Michaud?"

"Anavyo."

"Basi naomba kwa ajili ya hivyo. Jumanne, kwenye uwanja wangu. Atakayekuja aje na matope yake. Msioshe."

Mzee Pelletier ndiye aliyecheka kwanza, nyuma kabisa, kicheko cha mtu aliyechomwa na kufurahi papo hapo.

* * *

Jumanne kulipambazuka na anga safi, hali ya hewa ambayo hakuna mkulima anayeiacha. Noella alisimama uani na kahawa ikipoa mkononi. Karin alikuwa amekwisha kupanga vyombo vyake. Pembeni alisimama mhandisi wa upande wa kiwanda, Bwana Strand, mtu mpole mwenye buti mpya, aliyekuja kushuhudia kama sheria inavyotaka.

"Tusubiri kidogo," alisema Noella.

"Tutasubiri," alisema Karin.

Walisikia kabla ya kuona. Trekta la kwanza lilikuwa la Pelletier, likivuta mashine yenye tope mpaka mgongoni. La pili lilikuwa la Michaud. Mke wake ndiye aliyeliendesha, na alipopita karibu na Noella hakumtazama. Wa mwisho alikuwa Adrien.

Karin aliwapanga. Kwa kila mashine aliinua wenzo, mnyororo ukasimama. Akaweka mpini wa ufagio mahali ambapo mtu huingiza mkono kuondoa jiwe lililokwama. Kisha trekta likaachwa lingurume kwa nguvu ile ile ya kazini, na watu wote wakasimama kutazama kipande cha chuma kisichofanya lolote.

Mashine ya Pelletier ilinguruma na kutikisika. Wenzo ulikaa palepale. Bwana Strand aliandika. Karin naye aliandika.

Mashine ya Michaud nayo vivyo hivyo. Walingoja mpaka mzee Pelletier akaanza kusogea-sogea kama mtu mwenye haja ndogo. Wenzo ulikaa. Karin akaandika tena.

Noella alimfuata, akasema kwa sauti ya chini, "Unaandika nini? Hakuna kilichotokea."

"Ndicho ninachoandika."

"Nimekulipa uje uandike kwamba hakuna kilichotokea?"

Karin hakukasirika. "Umenilipa nitazame. Nikiandika tu ule utakaoanguka, yule mtu wa buti mpya atauliza kuhusu hizi mbili, na kuanzia hapo hakuna atakayeniamini hata nikisema jua linachomoza mashariki. Niache nitazame."

Noella alirudi mahali pake akiuma meno. Aliwaona wenye mashine wakiangalia anga, wakipima jua. Alijua wanahesabu mistari ambayo haijavunwa.

Ikaja zamu ya Adrien. Wenzo uliinuliwa, mnyororo ukasimama, mpini wa ufagio ukawekwa. Trekta likanguruma. Tope kavu lilianza kupukutika kwenye jukwaa, punje kwa punje. Mke wa Michaud alikuwa katikati ya kumwambia mumewe kitu kuhusu chakula cha mchana.

Wenzo ukashuka. Hakuna aliyeugusa, na haukushuka kwa kishindo. Ulishuka kama mtu anayesinzia ibadani, taratibu, kisha ghafla. Mnyororo ukatembea na mpini wa ufagio ukaingia wote, ukavunjika ndani, na vipande vikatokea upande wa pili ambako viazi hutokea.

Trekta lilizimwa. Bwana Strand alisimama na kalamu hewani, kisha akaandika, maana alikuwa mtu mwaminifu.

Adrien aliketi chini pale pale kwenye majani. Alikuwa anatazama mkono wake wa kulia. "Jana," alisema. "Jana niliingiza mara ngapi? Mungu wangu, jana tu."

Mke wa Michaud alimwendea Noella. "Irudieni yetu," alisema hatimaye. "Mwambie airudie. Tutakaa mpaka usiku."

* * *

Kesi ilisikilizwa katika mji wa Caribou, theluji ikiwa imerundikana nje ya madirisha ya mahakama. Hakimu alikataa kuitupa kesi, lakini aliwaambia raia wa jopo, wale ambao wangeamua kesi, kwamba mashine iliyomuua Lucien ilioshwa na kubadilishwa na upande wa mdai, na kwamba wanaweza kulifikiria hilo watakavyo. Adrien alisikia maneno hayo akiwa benchi la nyuma, amevaa suti ya mazishi.

Wakili wa kiwanda aliitwa Thayer. Alimhoji Karin kwa adabu kubwa.

"Mhandisi, unaweza kuwaambia jopo hili, chini ya kiapo, kwamba wenzo wa mashine ya Bwana Daigle ulianguka wenyewe siku ile?"

"Siwezi."

Watu waliguna. Noella alihisi mkono wa Odile ukimshika paja.

"Huwezi," alirudia Thayer, akiwageukia jopo. "Na mashine mbili ulizojaribu kwanza, nyenzo zake zilianguka?"

"Mara ya kwanza hazikuanguka. Tuliporudia, mmoja ulianguka."

"Basi hujui kilichotokea."

"Sijui kilichotokea siku ile. Najua mashine ilivyoundwa," alisema Karin. Aliwageukia wale raia, sauti ile ile kavu. "Kitu kizito kilichoinuliwa huanguka siku moja. Pini italika, springi itachoka, hilo si ajabu. Anayeunda mashine huchagua kikianguka kiangukie wapi. Wenzo huu ungeweza kuundwa uangukie kwenye kuzima. Ungetumia chuma kile kile na pini ile ile, ila ungegeuzwa tu. Wao waliuunda uangukie kwenye kuwasha, juu ya mkono wa mtu aliyeambiwa kwamba amezima."

Thayer alisema hana swali zaidi.

Noella aliitwa mchana.

"Bi Daigle, pole sana kwa msiba," alianza Thayer. "Ni wewe uliyekuwa unaendesha trekta?"

"Ni mimi."

"Ulimwona mumeo akipanda kuondoa jiwe?"

"Nilimwona."

"Ulizima injini?"

"Sikuzima."

"Kama ungezima, mumeo angekuwa hai leo?"

Hollis alianza kuinuka. Noella alimwonyesha kiganja, naye Hollis akaketi.

"Ndiyo," alisema. "Angekuwa hai. Hilo nalijua kuliko wewe, bwana, nimelala nalo kitanda kimoja. Huku kwetu hakuna anayezima trekta kwa ajili ya jiwe. Tunainua wenzo, kwa sababu kibandiko chenu pale juu kinasema ukiuinua mnyororo umezimika. Lucien alisoma, akaamini. Mimi nilisoma, nikaamini. Sasa na mimi nikuulize, wenzo ule mliuweka wa kazi gani?"

"Shahidi haulizi maswali," alisema hakimu, si kwa ukali.

"Basi naliondoa, mheshimiwa. Wameshalisikia."

* * *

Kwenye ujia Hollis alimfuata akihema. Ofa ilikuwa imepanda, karibu mara mbili. Masharti yalikuwa yale yale.

"Nakushauri kama wakili wako," alisema. "Jopo linaweza kukupa kidogo kuliko hiki. Linaweza kukupa sifuri. Sheria inawaruhusu kusema Lucien naye ana sehemu yake."

Odile alikuwa ameketi kwenye benchi, pochi mapajani. Noella alimwuliza kwa macho, maana shamba lilikuwa la baba yake Odile kabla halijawa la mwanawe.

"Mimi ni mzee," alisema Odile. "Nikinyamaza sasa, nitakuwa na muda mrefu sana wa kunyamaza baadaye."

"Waambie hapana," Noella alimwambia Hollis.

"Bi Noella, tafadhali fikiria mpaka—"

"Waambie hivyo hivyo. Hapana. Ni neno fupi, hutachoka."

Jopo lilirudi siku iliyofuata. Kiongozi wao, mwanamke aliyevaa sweta ya kijani, alisoma majibu mbele ya hakimu. Je, mashine iliundwa kwa namna ya hatari isiyo ya lazima? Ndiyo. Je, hatari hiyo ndiyo iliyosababisha kifo? Ndiyo. Je, marehemu alichangia? Ndiyo, kwa sehemu ndogo. Kisha akasoma kiasi cha fidia, kikiwa kimepunguzwa kwa sehemu hiyo ndogo. Kilikuwa chini ya ofa ya kwanza, ile iliyoletwa pamoja na ploye.

Hollis alifumba macho. Adrien, nyuma, alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Shemeji," alimwambia nje, theluji ikianguka juu ya suti yake, "umepoteza. Na sehemu ya hasara hiyo nimeiosha mimi kwa mikono yangu."

"Umesikia alivyosoma yule mwanamke?"

"Nimesikia hesabu."

"Mimi nimesikia ndiyo mbili kabla ya hesabu," alisema Noella. "Na tumetoka na midomo yetu. Twende nyumbani. Mama anaganda."

Shamba la chini, lile la kando ya mto, liliuzwa kabla ya kupanda. La juu lilibaki.

* * *

Septemba iliyofuata redio ilitangaza jalidi. Noella alikuwa kwenye trekta la Lucien, Adrien amesimama kwenye jukwaa la mashine ile ile nyekundu, wakivuna mistari ya mwisho ya shamba la juu. Jiwe lilikwama. Adrien aliinua mkono kumwashiria.

Noella alizima injini. Alichomoa ufunguo, akashuka, akatembea kwenye udongo mlaini mpaka kwenye jukwaa, akaunyoosha mkono. Adrien alipokea ufunguo, akautia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Ndipo alipoinama akaingiza mkono kwenye mnyororo.

Barabarani gari la Bwana Gagnon lilikuwa limesimama, dirisha wazi. Alikuwa amebeba vipuri, na kweli vilikuwa vimechelewa.

"Mkienda hivyo hamtamaliza leo," aliita. "Baridi inakuja usiku."

"Ije," alisema Noella.

Gagnon hakuondoka mara moja. Alizima gari naye, akasikiliza. Kwa Michaud, ng'ambo ya ua, trekta nalo lilikuwa limenyamaza, na mwanamke alikuwa akishuka kitini na kitu kidogo mkononi. Bonde lote lilikuwa kimya kiasi cha kumsikia Adrien akilitukana jiwe kwa sauti ya chini, bila haraka yoyote, mpaka likatoka.